Injini Iliyofia Mlimani

Maiti ilikuwa bado ya moto Inspekta alipofika.

Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa haraka. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwama katikati ya mlima, pua juu, mkia umeegemea ukingo wa udongo. Jiwe kubwa lilikuwa limesukumizwa nyuma ya tairi. Chini ya injini palikuwa na dimbwi la oili, na ndani ya oili mlikuwa na vumbi linalometameta kama poda wanayopaka wasichana kwenye kope.

Inspekta alichovya kidole, akakisugua, akakitazama. Chuma. Chuma laini kilichosagika.

Ndani ya gari kulikuwa na kelele za namna nyingine. Mtoto mchanga alikuwa analia kwa hasira zake zote. Mama yake alikuwa amelala kwenye machela, amechoka lakini mzima. Muuguzi aliyemzalisha alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyuma, mikono imemlegea, akicheka peke yake bila sauti, kama anavyocheka mtu aliyeponea chupuchupu.

Koplo alipiga saluti. "Afande, aliyekufa ni mmoja tu. Injini."

"Kichekesho hicho umekitunga njiani au hapa hapa?"

"Hapa hapa, Afande."

"Basi kiache hapa hapa."

Inspekta alikuwa mama wa watoto watatu na alikuwa na stashahada ya ufundi wa magari, na hakuna kati ya hivyo kilichomfundisha subira. Jeshi la polisi lilimweka kwenye kitengo cha ukaguzi wa magari. Nyuma ya mgongo wake walimwita Mama Spana. Alijua, na hakuwahi kulikataa jina.

Dereva alikuwa ameketi kando ya barabara, kofia mapajani. Kila mtu pale alimwita Mzee Taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbiza gari. Alieleza bila kuhangaika. Injini ilianza kugonga walipoanza kupanda. Ikagonga zaidi. Nguvu ikaisha, kisha ikajifunga kabisa. Breki zikawa nzito kama kukanyaga ukuta. Akakanyaga klachi, akaliacha gari lirudi nyuma polepole mpaka likaegemea ukingo.

Watu waliokusanyika walimsifu. Bila mikono ya mzee huyu, walisema, gari lingekuwa bondeni.

Koplo alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakiinua juu ili wote wakione. Kilikuwa kimelowa vizuri. "Oili ipo, Afande. Imejaa."

Inspekta alimwambia akirudishe na asikiguse tena. Gari likiwa limeinama, kijiti husema uongo. Lakini umati ulikuwa umekwisha kusikia. Oili ipo, kwa hiyo dereva hana kosa. Na kama dereva hana kosa, mwenye kosa ni fundi, maana injini ilikuwa imetoka gereji wiki ile ile, imefungwa upya yote.

Walipoorodhesha vitu vilivyokuwemo garini, Koplo alitaja jeki, pembe tatu ya hatari, blanketi, na kopo la oili chini ya kiti cha abiria wa mbele. Inspekta alilinyanyua lile kopo. Lilikuwa jepesi. Alilifunga kwenye mfuko wa vielelezo, akasema litakwenda naye.

Mganga mkuu wa kituo cha afya alifika akiwa na koti lake jeupe na hasira zake. Alimtazama mtoto, akamtazama mama, akapumua. Kisha akamgeukia Inspekta. Alitaka fundi akamatwe. Alisema fundi amefunga beringi feki, na karibu aue watu wanne. Alilalamika kwamba hata taa za mbele alishaambiwa azitengeneze, lakini mzee bado anasema ni hafifu na hataki kuendesha jioni.

"Na tulimpa kazi kwa heshima ya mzee tu," alimaliza. "Fundi ni mkwe wake. Amemwoa binti yake."

Inspekta alitazama kando ya barabara. Mzee Taratibu alikuwa ameinamisha kichwa, anazungusha kofia mapajani.

Koplo aliwasha taa za mbele ili kuona. Ziling'aa barabara nzima, mchana kweupe.

*

Fundi alilala mahabusu usiku ule. Gereji yake ilitiwa kufuli la polisi. Tuhuma zilikuwa mbili: uzembe uliohatarisha maisha, na kutumia vipuri bandia. Zikithibitika, angekwenda jela, na hakuna ambaye angempelekea gari tena hata la kupakwa rangi.

Asubuhi Inspekta alimkuta mke wa fundi kwenye benchi la mapokezi. Alikuwa mwanamke mrefu, amevaa gauni la kazini, mkoba umebanwa magotini. Hakulia wala hakubembeleza. Aliuliza jambo moja tu.

"Baba yangu amelala kwake. Mume wangu amelala kwenu. Mimi nilale upande gani?"

Inspekta aliketi kando yake kwenye benchi. Alimwambia arudi kazini, asimsikilize mtu yeyote mtaani, na asubiri. Kisha akamwita Koplo wakaenda kupasua maiti.

Gari lilikuwa limevutwa mpaka gereji ile ile. Inspekta alimtaka mganga mkuu awe shahidi, na fundi aletwe asimame pale bila kugusa kitu. Fundi alikuwa kijana mpana wa mabega, mtaratibu. Gereji yake ilimsemea zaidi kuliko mdomo wake. Spana zilikuwa zimening'inizwa ukutani kwa ukubwa wao, na nyuma ya kila moja palikuwa na kivuli chake kilichochorwa kwa rangi, ili ikikosekana ijulikane. Sakafu ilikuwa imefagiliwa. Matambara safi yalikuwa kwenye ndoo moja, machafu kwenye nyingine.

Inspekta alivaa ovaroli, akateremsha miwani kutoka kichwani mpaka puani, akaingia chini ya gari. Aliliomba lile beseni lililokuwa pembeni. Fundi akasema kwa sauti ndogo kwamba beseni lile alilikata mwenyewe kutoka kwenye pipa, na linameza oili ya injini kubwa kuliko hii na nafasi inabaki.

Inspekta alifungua nati ya bakuli la oili. Oili ikashuka, nzito, ya kijivu kwa vumbi la chuma. Ikajaa nusu ya beseni. Ikapita nusu. Koplo alikuwa anatazama kwa utulivu wa mtu anayengoja chai imiminwe. Kisha akaruka.

"Afande, linafurika."

Na kweli lilifurika. Oili ilipita juu ya ukingo, ikatambaa sakafuni, ikafika kwenye viatu vya mganga mkuu. Na hiyo ilikuwa oili iliyobaki, baada ya ile iliyomwagika mlimani.

Fundi alikuwa amefumbua macho makubwa. Inspekta alimtazama sana usoni. Hakuona hofu. Aliona mtu ambaye hesabu imemkataa.

Walishusha injini, wakaifungua. Inspekta alitoa beringi moja moja, akazipanga juu ya karatasi safi mezani kwa mpangilio ule ule zilivyokaa. Beringi za ndani ya injini si zile za gurudumu la baiskeli. Ni vipande vyembamba vya nusu duara, viwili viwili, kama pete iliyokatwa katikati. Juu yake kuna ngozi ya chuma laini. Kranki, ule mhimili mkuu wa injini, huzunguka ndani yake bila kuigusa, kwa sababu katikati pana utando wa oili. Utando ukiondoka, chuma hukutana na chuma, na hapo ni kwaheri.

Ngozi ilikuwa imefutika kabisa. Rangi ya shaba ilionekana kila mahali.

Mganga mkuu alisema hiyo inatosha. Inspekta alisema haijaanza kutosha. Alimweleza kwa maneno ambayo daktari angeyaelewa. Kama fundi alikaza vibaya, ingekufa beringi moja au mbili, nyingine zingebaki nzima. Kama aliacha uchafu au mchanga, beringi zingekuwa na mikwaruzo, na punje zingekuwa zimezama kwenye ngozi. Kama njia ya oili ilizibwa na tambara au gundi, za kwanza kufa zingekuwa zilizo mbali na pampu.

"Sasa tazama hizi. Zote zimefutika sawasawa. Hakuna mkwaruzo. Hakuna punje. Njia zote ziko wazi, pampu nzima. Na nyuma yake, soma."

Mganga mkuu aliinama. Alama za kiwanda zilikuwa pale. Inspekta alikuwa amekwisha kuzilinganisha na maboksi yaliyobaki kwenye duka aliponunua fundi. Vipuri vilikuwa halali.

"Kwa hiyo mgonjwa alikufa kwa nini?" aliuliza mganga mkuu. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Kwa shibe. Oili ilizidi mno mpaka kranki ikaanza kuipiga kama mtu anavyopiga mayai. Ikawa povu. Pampu ikawa inasukuma povu. Povu halibebi chuma."

Koplo alikuna kichwa. Alisema amewahi kuona watu wakiua injini kwa kuinyima oili, na mmoja kwa kuitia mchanga, lakini hajawahi kuona anayeua kwa kulisha.

Inspekta alijifuta mikono. Kwa mara ya kwanza tangu jana, Koplo alikuwa amesema jambo la maana.

*

Alimhoji fundi pale pale, kwenye benchi la gereji.

"Oili uliitia wewe?"

"Mimi."

"Mpaka wapi?"

"Alama ya juu. Si zaidi."

"Shahidi ni nani?"

Fundi alieleza utaratibu wake. Kwake gari halitoki mpaka anayelichukua achomoe kijiti mwenyewe, akitazame, na aseme kwa mdomo wake alichokiona. Ndivyo anavyokabidhi, ili kesho pasiwe na ubishi. Gari hili alilikabidhi kwa dereva. Mzee alichomoa kijiti, akakitazama, akasema sawa.

"Alisema sawa kabla yako au baada yako?"

Fundi alifikiri. "Nilimwonyesha kwa kidole. Nikasema, imefika hapa. Akasema sawa."

"Kopo lililokuwa chini ya kiti?"

"Nilimpa mimi. Lilikuwa zima, halijafunguliwa. La kubadilishia oili injini ikishazoea."

"Sasa ni tupu. Nani alilifungua?"

Fundi aligeukia ukuta wa spana.

"Nimekuuliza."

"Afande, yule ni baba yangu."

"Ni baba mkwe wako."

"Kwetu hakuna tofauti." Alikuwa anatazama mikono yake. "Sijui alifanya nini. Na kama sijui, siwezi kumtaja. Binti yake analala nyumbani kwangu."

"Wewe unalala mahabusu."

"Ndiyo, Afande."

Inspekta alitamani kumpiga konzi, kama anavyotamani kuwapiga wanawe. Akamrudisha kituoni, akaenda kumtafuta muuguzi.

Muuguzi alikuwa ametoka wodini. Alisema mama na mtoto wanaendelea vizuri, na kwamba wauguzi wamekwisha kumpachika mtoto jina la Mlima, mama yake anacheka tu. Kuhusu Mzee Taratibu hakuwa na baya hata moja. Alisema safari naye ni burudani. Ana mchezo wake, na kila muuguzi mgeni hufundishwa siku ya kwanza. Anayekaa mbele lazima amsomee barabara.

"Kumsomea vipi?"

"Unasema unachokiona. Tuta. Mbuzi. Mwenye baiskeli kushoto. Anasema, nisomee barabara, mwanangu, nisisinzie. Ukinyamaza anakutania kwamba umelala na mshahara umeuacha macho."

Inspekta aliacha kuandika.

"Siku ile, ulipomsomea, uliona nini ndani ya gari?"

Muuguzi alikumbuka. Wakati wanakwenda kumchukua mgonjwa, kulikuwa na taa nyekundu inapepesa kwenye dashibodi. Alimwambia mzee. Mzee akasema ni taa ya mkanda, afunge mkanda.

"Ulikuwa hujafunga?"

"Nilikuwa nimefunga." Inspekta akaandika: taa ya oili.

"Na wakati wa kurudi, ulikuwa nyuma na mgonjwa. Nani alikaa mbele kumsomea?"

"Kwa kawaida ni ndugu wa mgonjwa. Anamfundisha hapo hapo." Muuguzi alianza kujibu haraka, kisha maneno yakapungua kasi. "Siku ile hakukuwa na mtu. Mgonjwa alikuwa peke yake."

Walitazamana. Upande wa pili wa mlima ule barabara inashuka kwa kona kali mpaka mtoni. Wote wawili waliijua.

Muuguzi alitafuta kiti, akakaa.

*

Jambo lililobaki lilikuwa dogo, nalo ndilo lililomsumbua Inspekta. Mtu asiyeona vizuri anaweza kukosea barabara. Lakini kwa nini ajaze oili siku baada ya siku kwenye injini iliyojaa? Gari lile amelipima oili kila asubuhi miaka yote na hakuwahi kukosea.

Alirudi gereji. Alichukua kijiti, akakifuta, akakichovya kwenye kopo zima la oili mpya ya aina ile ile. Akatoka nacho juani. Miwani yake ilikuwa kichwani, mahali inapokaa siku zote pale inapohitajika. Alikiinua kijiti.

Kikavu.

Alikigeuza. Kikavu. Akateremsha miwani, akakigeuza tena taratibu, mpaka jua likagonga na kitu kikang'aa kidogo, chembamba kama jasho. Oili ilikuwa imepanda mpaka katikati ya kijiti.

Oili mpya haina rangi. Hata mwenye macho mazuri huitafuta. Injini ile kuukuu, kabla ya kufungwa upya, ilikuwa na oili nyeusi kama wino. Mtu hahitaji macho mengi kuona wino juu ya chuma.

"Koplo," alisema Inspekta, "nenda kamlete mzee. Kwa heshima. Usimshike mkono, mwache ashike wako."

*

Ofisi ya Inspekta ilikuwa na dirisha kubwa. Aliwaita wote wanne: mzee, binti yake, fundi, na Koplo. Fundi alipovuka kizingiti alimsalimia baba mkwe wake kwa kuinama, shikamoo ya chini kabisa, kama vile yeye ndiye mkosaji. Mzee aliitikia marahaba akiwa anatazama pembeni kidogo ya mahali fundi aliposimama.

Juu ya meza kulikuwa na vijiti viwili. Kimoja kilikuwa kimechovywa kwenye oili chafu ya gari la polisi. Cha pili kwenye oili mpya.

"Mzee," alisema Inspekta, "wewe umeendesha magari kabla mimi sijazaliwa. Nisomee hivi."

Alimpa cha kwanza. Mzee alikiinua, akakisogeza karibu na pua. "Hii imechoka, lakini imejaa. Imefika juu."

"Sawa kabisa. Na hiki?"

Mzee alikishika cha pili. Alikisogeza karibu, akakirudisha mbali, akakigeuza upande. Alichukua muda.

"Kikavu," alisema. "Hiki hakina kitu."

Tone lilitoka kwenye ncha ya kijiti, likaangukia suruali yake. La pili likafuata.

Binti yake alikuwa ameziba mdomo. Alipoondoa mkono, alisema polepole, "Baba. Inakudondokea."

Mzee alishusha mkono mpaka kwenye goti, akagusa ule ubaridi. Akasugua oili kati ya vidole viwili. Vidole vilimwambia mara moja. Alikaa hivyo, akiendelea kusugua, kana kwamba angeweza kuifuta mpaka iishe.

Inspekta hakumsaidia. Kuna wakati kumsaidia mtu ni kumwibia nafasi.

"Ni mtoto wa jicho," alisema mzee mwishoni. "Yote mawili. Ni kama kutazama kwa kupitia kioo cha bafuni."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoanza kusema taa hafifu."

Baada ya hapo alizungumza bila kuulizwa. Alieleza kwamba siku ya kukabidhiwa gari hakuona kitu kwenye kijiti, akaitika kwa sababu mkwe wake alimwonyesha kwa kidole. Kesho yake asubuhi alichomoa kijiti, akaona kikavu. Akaongeza oili kidogo. Kikavu. Akaongeza tena. Siku iliyofuata vivyo hivyo, mpaka kopo likaisha.

"Vidole vyako havikukuambia?" aliuliza Inspekta.

"Viliniambia pamelowa. Havikuniambia pamelowa mpaka wapi. Nilikuwa natafuta ule weusi, na weusi haukuja."

"Kwa nini hukumwambia fundi? Gereji yake iko mtaa wa pili."

Mzee aligeuza uso kuelekea kule alikodhani fundi yupo, na safari hii hakukosea.

"Nilidhani injini yake inakunywa oili. Nilidhani kijana ameharibu kazi. Sasa mimi nimwambie nini? Mkwe wangu, mume wa binti yangu, nimwendee gereji mbele ya wateja nimwambie kazi yako mbovu? Niliona aibu kwa niaba yake. Nikasema nitakuwa naongeza kimya kimya, mpaka itulie."

Fundi alisogea hatua moja kumwelekea mzee.

"Na yeye," alisema Inspekta, akimwelekezea fundi kidole, "alijua kopo lilikuwa zima alipokupa. Amelala mahabusu badala ya kukutaja. Nyinyi wawili mmeheshimiana mpaka mkaua injini na nusura muue watu. Hamkuweza kukaa kwenye stuli mbili mkaulizana swali moja?"

Koplo alikuwa anasoma kalenda ya ukutani kwa bidii.

"Na baada ya mlimani?" Inspekta aliendelea. "Mkwe wako ndani, wewe nje. Hapo aibu ilikuwa ya nani?"

Hilo ndilo lilimvunja. Machozi yalimtoka mzee bila sauti. Alisema aliamini polisi watafungua injini, wataona kosa ni dogo, watamwachia. Alisema akitaja kopo ataulizwa kwa nini aliongeza, na akisema kwa nini, funguo zitachukuliwa. Hakuwa na kitu kingine anachokijua. Akishuka kwenye gari lile atakuwa mzee wa kuulizwa kama amekula.

"Mtoto wa jicho hutibiwa," alisema Inspekta. "Wewe mwenyewe umewapeleka watu wangapi kwenye upasuaji?"

"Wengi. Na wengi niliwarudisha wanaona, wananisomea mabango ya njiani kwa furaha. Mmoja nilimrudisha hajaona kitu. Nilimshika mkono mpaka mlangoni kwake. Nikifikiria upasuaji, siwaoni wale wengi. Namwona yule mmoja."

Inspekta alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Alimweleza mzee waziwazi, bila kupaka sukari. Siku ile hakukuwa na mtu wa kumsomea barabara. Kama injini ingepanda mpaka kileleni, wangeanza kushuka. Zile kona hazina ukingo wa udongo wa kuegemea.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa leseni, akaiweka mezani. Aliisukuma mbele kwa kidole kimoja.

"Afadhali," alisema. Akavuta pumzi ndefu, mabega yakashuka. "Afadhali ilikufa. Wallahi, Inspekta, kila nilipowasha gari lile nilikuwa naomba lisiwake."

Binti yake aliinuka. Alikwenda kwanza kwa baba yake, akamfuta oili mkononi kwa kitambaa chake. Kisha akaenda kwa mumewe, akakaa karibu naye mpaka mabega yao yakagusana. Hakumwuliza mtu tena alale upande gani.

*

Jalada la fundi lilifungwa siku ile, na kufuli la gereji likaondolewa na Koplo mwenyewe, ambaye alipiga saluti kwa ukuta wa spana. Hakimu alimkaripia mzee kwa maneno makali, akamfungia leseni, na akaona inatosha. Mganga mkuu, ambaye alikuwa na haya ya kutosha kwa watu wawili, alimwandikia mzee rufaa ya macho kwa mkono wake. Siku ya upasuaji dereva mpya aliendesha. Mzee alikaa kiti cha mbele, na dereva ndiye aliyemsomea barabara, njia nzima, kwa kuombwa na wauguzi.

Injini ilifungwa upya mara ya pili. Inspekta alipita gereji siku ya makabidhiano, alisema ni kwa sababu ya ukaguzi, ingawa hakuwa na karatasi yoyote mkononi. Mama wa Mlima alikuwepo, na Mlima mgongoni. Mzee Taratibu alikuwepo pia, bila bandeji, anatazama kila kitu kama mtu aliyeingia dukani bila haraka: rangi ya ukuta, vivuli vya spana, kucha za mkwe wake.

Dereva mpya alitaka kuchomoa kijiti. Fundi akamzuia, akampa mzee.

Mzee alikichomoa, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Alikiinua juani na kukigeuza mara moja tu.

"Imefika alama ya juu," alisema. "Hata tone halijazidi. Na mwanangu, safari hii nakwambia mbele ya wateja: kazi nzuri."

Fundi aliinama kutafuta spana ambayo haikuwa imepotea.

Mzee alimgeukia Inspekta, akamtazama kwa mara ya kwanza sawasawa, kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Kumbe una mvi nyingi hivi," alisema. "Kwa sauti nilidhani msichana."

"Koplo," alisema Inspekta, "mrudishieni huyu mtoto wa jicho wake."

Binti wa mzee alicheka mpaka akashika meza, na fundi akawasha injini. Ilishika mara ya kwanza. Wote walinyamaza kuisikiliza, hata Mlima, na haikugonga popote.